Ufito Niliopimia Trekta

Watu huniuliza niliwezaje kununua trekta wakati siwezi hata kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwake. Nawajibu kwamba maandishi yale ni ya Kijapani, na kijana aliyeniuzia naye hakuyasoma. Niliingia kwenye yadi ya mashine pale Moshi mjini nikiwa na ufito begani. Ufito ndio ulionisomea.

Shule niliiacha darasa la tatu, nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Niliolewa, nikazaa mabinti, nikafiwa na mume mabinti wakiwa bado wadogo. Nikabeba ndizi kichwani nikauza Sanya Juu siku za soko, halafu nikahamia kupika kwenye machimbo ya mawe huko chini tambarare. Huko ndiko nilikojifunza mashine. Waendesha vijiko, zile mashine za kuchotea mawe, walipenda sana mtori wangu wa ndizi, na mmoja wao, mwanamume mwenye tumbo kubwa na roho nzuri, alikuwa akija kula ananiachia kiti cha mashine yake, ananionyesha vishikio.

"Mama, hiki kinainua, hiki kinakunja. Na hiki ukikishika kwa hasira utaua mtu."

Nilishika. Mkono uliozoea mwiko kwenye sufuria kubwa unajua kuchota bila kumwaga. Wanaume walicheka mpaka siku ile mwenye kiti alipougua na lori likawa linasubiri. Nikapanda, nikalipakia mawe likajaa, nikashuka, nikarudi kugawa chakula. Siku hiyo walikula kimya.

Nilirudi mlimani na akiba ya machimbo. Wengi wanadhani nilinunua trekta kwa kutaka sifa. Sifa nimezipata, sikatai. Lakini nilichokuwa nataka ni maji.

Huku kwetu mlimani maji ya shamba yanakuja kwa mfongo. Ni mfereji uliochimbwa na wazee wa zamani, unatoka korongoni juu, unazunguka ubavu wa mlima, unashuka kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Maji yanagawanywa kwa zamu, na zamu ni ya nyumba inayotoa mwanamume wa kuchimba. Mfongo ukibomoka, mwanamume wa nyumba yako aonekane na jembe. Mwanamke hakanyagi ukingo wa mfongo unapochimbwa. Eti maji yatakimbia. Mimi sikuwa na mume wala mtoto wa kiume. Nilipopeleka kibarua, walisema kibarua si nyumba. Basi tangu mume wangu afe nikawa naishi kwa maji ya mkia, yaani yale yanayobaki shemeji yangu akishamaliza zamu yake. Shemeji huyo ni kaka wa marehemu, na ndiye mwenyekiti wa mfongo. Kihamba chake kiko juu ya changu, njia moja. Maji ya mkia ni tope na majani makavu, tena siku nyingine hayafiki kabisa. Nimewahi kusimama kwenye migomba yangu na jembe, natazama mfereji mtupu, huku namsikia yeye kule juu anawaambia watu, "Shemeji yangu hana shida, mimi namlisha maji."

Hilo neno "namlisha" ndilo lililonipeleka mjini.

Kabla sijaenda nilikata mti mmoja mwembamba ulionyooka, nikatembea nao njia yote. Njia zetu mlimani hazina ukuta, zina masale. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, ndio tunaopandia mipaka ya vihamba. Ukuta wa matofali ukiubomoa utaujenga, mtasameheana. Isale la mtu hulikati. Kulikata ni kama kumwingilia mtu chumbani. Na mtu akikujia ameshika isale mkononi, kuomba msamaha au kuomba jambo, humfukuzi, hata kama jana yake alikutukana mbele za watu.

Basi nililaza ufito wangu chini, kutoka masale ya upande huu hadi masale ya upande ule. Kila nilipofika penye njia nyembamba zaidi, niliupunguza kwa panga. Sikuishia kwangu. Nilipanda nao, nikapita mbele ya lango la shemeji, nikaendelea mpaka kwenye ukingo wa mfongo. Watoto walidhani bibi amechanganyikiwa. Niliporudi, ufito ulikuwa na upana wa pale njia ilipobana kuliko pote, na mashine yoyote ambayo ungeizidi ingepita mpaka juu.

Kijana wa yadi aliponiona na mti begani alikuja mbio.

"Shikamoo mama. Mti huo unauza?"

"Marahaba. Natafuta trekta la kupita hapa." Nikauweka ufito mbele yake.

Akanionyesha mashine kubwa za manjano, matairi yake yananizidi urefu. Nikawa naulaza ufito mbele ya kila moja. Haipiti. Haipiti. Haipiti. Mafundi wakaacha kazi wakawa wananifuata nyuma. Mwisho kabisa, karibu na choo, kulikuwa na katrekta kadogo ka Kijapani, kenye kijiko cha kuzolea mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, kamejaa vumbi. Nikaulaza ufito. Ukazidi kidogo upande huu na kidogo upande ule.

"Hili hapa."

"Lakini mama, hujauliza hata ni la mwaka gani!"

"Njia ya kwangu haina mwaka. Ina upana."

Nililijaribu palepale, nikachimba shimo kwenye yadi yao na kulifukia. Nyumbani nikauza ng'ombe, nikabakiza mmoja wa maziwa, nikajumlisha na akiba yangu, nikalilipia.

Lilipopanda mlimani watu walijipanga kwenye masale kama wanapokea bibi harusi, na kicheko kilikuwa kingi kuliko cha harusi. Wakaliita kibajaji cha bibi. Jumapili baada ya ibada, kwenye mnada wa mavuno pale uwanjani kanisani, shemeji aliinua jogoo wake juu akasema kwa sauti, "Nani ananunua? Nguvu anazo, anaweza kuvuta trekta la shemeji yangu." Watu wakashika mbavu. Jogoo nikamnunua mimi. Nikamla jioni ileile, na alikuwa mgumu kama mwenyewe.

Mimi nilifanya kazi. Nilichimba shimo la samadi, nikazoa samadi na kuimwaga kwenye mashina ya migomba, kazi iliyokuwa inanivunja mgongo miaka yote. Nikachimba mashimo ya migomba mipya. Nikachimbia majirani misingi ya nyumba na mitaro ya mabomba. Walewale waliocheka walikuja kwa aibu kidogo, kofia mkononi. Walipoomba nichimbe kaburi nilikataa. Kaburi linachimbwa kwa mikono ya watu. Sitaki marehemu wa mtu azikwe kwa kelele za injini. Lakini kazi nyingine zote, niite.

Mfongo peke yake ndio sikuitwa. Nilisimama kwenye mkutano wao nikasema wazi, "Mkinihitaji nitakuja na trekta. Nikija, nataka zamu ya nyumba yangu, kwa jina la nyumba yangu." Shemeji alijibu akiwa amekaa.

"Shemeji, trekta lina jinsia gani?"

Walicheka tena. Nikaketi. Nikasema moyoni, chekeni, mlima huu haujaacha kubomoka.

Na haukuacha. Masika yaliyofuata yalikuwa mabaya. Udongo uliporomoka juu ya mfongo, na katikati ya udongo likashuka jiwe moja kubwa kama kibanda cha jiko, likaingia katikati ya mfereji likakaa. Mvua ilipokwisha na kiangazi kuanza, maji yakawa yanafika kwenye jiwe, yanamwagikia korongoni. Vihambani hakukuja tone. Migomba ikakunja majani. Akina mama wakawa wanabeba ndoo kutoka mtoni ili ng'ombe wanywe.

Wanaume walikwenda na majembe, sururu na mitaimbo. Wakawasha moto juu ya jiwe wakalimwagia maji ya baridi, kama walivyofanya babu zao. Jiwe lilibanduka ngozi tu. Wakakubaliana kukodi kijiko kikubwa kutoka mjini. Kilikuja kwenye lori, kikashushwa karibu na kanisa, kikaingia njiani kwa kishindo. Hakikufika mbali. Masale yalikikaba huku na huku. Mwendeshaji akatoa kichwa.

"Wazee, kateni haya majani nipite!"

Bibi mmoja mwenye kihamba hicho alitoka na panga, akasimama mbele ya ile mashine, kitenge kimefungwa kiunoni.

"Kata wewe. Anza na hili."

Mwendeshaji alikuwa mtu wa mbali, lakini macho ya bibi aliyaelewa. Alirudi kinyumenyume mpaka kanisani. Mimi nilikuwa nyumbani napaka grisi, nikausikia muungurumo unapungua, unapungua, ukapotea kuelekea mjini. Niliendelea kupaka grisi.

Kesho yake asubuhi shemeji aliingia uani kwangu. Mkononi alikuwa ameshika isale. Hakuleta jani moja kama wafanyavyo watu wa siku hizi. Alileta kichwa kizima cha isale na kipande cha shina lake, kama zamani.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji. Karibu."

Nikaendelea na kazi. Trekta langu lina pini nyingi zinazotaka grisi, na asubuhi hiyo niliziheshimu zote. Yeye kasimama. Mtu mwenye isale humfukuzi; lakini hakuna mahali niliposikia kwamba lazima umharakishe.

Nilipofuta mikono nikamwambia, "Sema."

"Maji."

"Yamefanya nini?"

"Usinitese, mama. Unajua."

"Sikutesi. Masikio yangu yameharibiwa na injini."

Akavuta pumzi. "Ng'ombe wangu wanakufa kiu. Wa watu wote. Tunakuomba uje na trekta."

"Na zamu yangu?"

"Nitaongea na wazee."

"Utaongea nao leo, palepale kwenye jiwe, kabla sijawasha mkono wa kuchimbia. Zamu kamili, kwa jina la nyumba yangu. Na mimi mwenyewe nitakanyaga ukingo. Maji yakikimbia, nitayafuata niyarudishe."

Aligeuza isale mkononi. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshindwa na anajua. "Wewe ungezaliwa mwanamume tungekoma."

"Mmekoma hivihivi," nikamwambia. "Twende."

Nilipanda kiti, nikaanza kupanda njia taratibu. Masale yalikuwa yananipapasa mikono pande zote mbili, lakini trekta lilipita. Nyuma yangu akina mama waliacha ndoo wakafuata, na vijana walikuwa wananirekodi kwa simu. Nikafika mbele ya lango la shemeji. Hapo trekta likagoma kuingia. Matairi yalikuwa yanataka kupanda juu ya masale yake.

Watu wakasogea kuchungulia matairi. Mzee mmoja nyuma akasema, "Basi, ndiyo hayo hayo ya jana."

Nilizima injini. Nikamtuma mwenzangu mmoja nyumbani kwangu aniletee ufito uliochomekwa darini jikoni. Alipouleta nikashuka, nikaulaza chini mbele ya watu wote, kichwa kimoja kikigusa masale ya upande wa chini. Kichwa cha pili kiliingia ndani ya masale ya shemeji, kwa zaidi ya kiganja.

"Ufito huu niliupitisha hapa kabla sijanunua trekta," nikasema. "Ulipita. Nyie watoto mlioniona, semeni."

"Ulipita bibi!" wakapaza sauti.

"Basi ama ufito umeota, ama masale yametembea."

Kila mtu mlimani anajua namna masale yanavyotembea. Mtu anapanda shina jipya nje kidogo ya la zamani, anasubiri, anang'oa la ndani. Mwaka kwa mwaka anakula njia ya wenzake, na hakuna anayethubutu kugusa, kwa kuwa isale ni isale. Shemeji alikuwa anajua tunajua. Akasogea karibu na tairi.

"Sukuma tu, upite," akaninong'oneza.

Nikamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa msafara. "Mimi isale la mtu siligusi. Mwenye nalo aling'oe."

Na akaling'oa. Mwenyekiti wa mfongo alipiga magoti kwenye njia, akachimba masale yake mwenyewe kwa mikono na sururu, shina moja baada ya lingine, huku akina mama wametulia kama wako kanisani. Hakuna aliyemsaidia, na yeye hakuomba. Lile isale alilonijia nalo lilikuwa limelazwa juu ya ukingo wa njia. Alipomaliza nikalaza ufito. Ukapita. Nikawasha injini.

Kwenye jiwe wazee walikuwa wamekaa wakitusubiri, maji wameshayafunga kule juu. Shemeji, tope magotini, akasimama mbele yao akasema yale tuliyokubaliana, jina la nyumba yangu akalitamka wazi. Mzee mkubwa kuliko wote alinitazama miguu. Nilikuwa nimeshakanyaga ukingo.

"Maji yenyewe hayapo," akasema. "Yatakimbia kutoka wapi? Fanya kazi, mama."

Sasa trekta dogo haliwezi kuinua jiwe kama lile, na mimi sikujaribu. Wanaume walikuwa wamehangaika na jiwe. Mimi nilihangaika na lilipokalia. Nikageuza trekta likalipa jiwe mgongo, nikashusha miguu yake ya pembeni juu ya mbao ili isizame, nikaanza kuchota udongo chini ya jiwe upande wa korongo. Kidogo, kidogo. Kila nikivuta, ukingo ulikuwa unatetemeka hadi kwenye kiti changu. Chini kulikuwa na korongo, na mimi si mtu wa kusema sikuogopa. Wanaume walikuwa wanapiga kelele: vuta kushoto, acha hapo, rudi nyuma! Nikawaambia anayejua zaidi aje akae hapa. Kelele zikaisha.

Katikati ya kazi mpira unaopeleka mafuta kwenye mkono wa kuchimbia ulipasuka, mafuta yakamrukia yule mzee mkubwa kwenye koti lake la kanisani. Mkono ukalegea. Nikamsikia mtu akisema, "Aa, ndiyo basi." Lakini fundi wangu wa Majengo kule mjini, anayenibania mipira hiyo, huwa haniruhusu kuondoka bila mpira wa akiba. Ulikuwa chini ya kiti. Nikaufunga mwenyewe kwa spana, nikajaza mafuta, nikamuahidi mzee kumfulia koti.

Jiwe halikutoa taarifa. Nilichota mara moja zaidi, likainama kama mtu anayesinzia kwenye ibada, halafu likaenda. Lilibiringika korongoni likivunja miti, na mlima wote ukasikia. Sikuwahi kusikia wanaume wakipiga vigelegele mpaka siku ile.

Nikazoa udongo kwa kijiko cha mbele nikauziba ukingo uliokuwa umefunguka, na wanaume wakaingia wakaushindilia kwa mawe, magogo ya migomba na majani, kazi ambayo wao wanaijua na trekta haliijui. Kisha maji yakafunguliwa juu. Yalikuja yakiwa meusi, yakisukuma takataka mbele yake, tukawa tunatembea nayo sambamba kushuka, watoto mbele, akina mama wakisema "Aika! Aika!" kwa Kichagga, yaani asante, sijui kwangu au kwa maji. Yalipofika kwenye mgawanyo, mzee mwenye koti la mafuta akaonyesha kidole upande wa kwangu.

"Nyumba hii kwanza."

Nilisimama kwenye migomba yangu, maji yakanizunguka miguu. Maji ya kichwa, siyo ya mkia. Binti yangu anayeishi Njoro, mjini, aliiona video kwenye simu akanipigia akilia. Nikamwambia aache kulia, aje achukue ndizi.

Lile isale la shemeji nilirudi nikalichukua kabla halijanyauka. Nikalaza ufito mbele ya lango lake, na pale ufito ulipoishia nikalichomeka ardhini, yeye akiwa amesimama anatazama. Limeshika, limetoa majani mapya, na halijatembea.

Siku ya zamu yangu ikifika, mwenyekiti ndiye anayetakiwa kumwita mwenye zamu. Hiyo ni kazi yake, na sauti yake bado ni nzuri. Anasimama pale kwenye isale anaita, "Shemejiii! Maji yako haya!"

Ninamsikia mara ya kwanza. Lakini nasubiri aite tena.